Jeju ya jikoni: vyakula vya asili vya kisiwa, na mgeni asiyekula nguruwe

Swali: Assalamu alaykum, na shikamoo. Mimi ni mwanafunzi kutoka Tanga, nasoma Busan, Korea Kusini. Mwishoni mwa Mei mimi na wenzangu tunakwenda kutembea Jeju. Kila ninayemuuliza ananiambia Jeju ni nguruwe mweusi na machungwa, basi. Naomba kujua: vyakula vya asili hasa vya kisiwa kile ni vipi, na vipi ni vya kuwafurahisha watalii tu? Na mimi Mwislamu nitapata cha kula, au nibebe tambi zangu?

Jibu:

Wa alaykum salaam, na marahaba, mwanangu. Tambi zako ziache Busan. Waliokuambia Jeju ni nguruwe na machungwa wamekusomea mabango ya uwanja wa ndege. Jeju ya jikoni ni ya samaki, mwani, shayiri na nafaka moja nyeusi nitakayokueleza, na sehemu kubwa ya hivyo utakula kwa raha zako. Nguruwe unayemwona sahanini hatakusumbua, kwa sababu umemwona. Wa kumwogopa ni yule aliyeyeyukia kwenye supu au aliyepakwa kwenye kikaango, na huyo nitakuonyesha anakojificha.

Kwanza ielewe ardhi, maana chakula chote kimetoka humo. Jeju ni volkano iliyochomoza baharini. Mlima Halla ulioko katikati una urefu wa zaidi ya mita 1,900. Mvua inanyesha kuliko sehemu nyingi za Korea, lakini mwamba una matundu na maji yote yanazama. Yanakuja kutokeza tena pwani kabisa, kwenye chemchemi, na ndiyo sababu vijiji vya zamani vimejipanga kandokando ya bahari. Kabla ya mabomba, wanawake waliyabeba maji hayo mgongoni kwa mtungi uitwao heobeok, uliokaa ndani ya kikapu. Ardhi isiyoshika maji haiukubali mpunga. Yapo majaruba machache, kama yale yaliyo ndani ya bonde la volkano la Hanon karibu na Seogwipo, lakini kwa mkulima wa kawaida wa Jeju wali mweupe ulikuwa chakula cha siku ya tambiko. Siku nyingine alikula shayiri, viazi vitamu, nafaka ndogo ya njano jamii ya uwele iitwayo jo, na memil.

Halafu kuna suala la muda. Mwanamke wa Jeju alikuwa shambani asubuhi, na maji yalipofaa alikuwa baharini. Bila shaka umesikia habari za haenyeo, wanawake wanaopiga mbizi kwa pumzi zao wenyewe bila mtungi wa hewa, wakichuma mwani, konokono wa baharini, abaloni na pweza; UNESCO iliuingiza utamaduni wao katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2016, na leo wengi wao wamevuka miaka 60. Mtu anayetoka kwenye maji baridi hana saa tatu za kusimama jikoni. Kwa hiyo pishi la Jeju ni la haraka na lenye viungo vichache: samaki wa leo, mboga ya bustani iliyo nyuma ya nyumba, na doenjang, ile rojo ya soya iliyochachushwa unayoijua. Wakati wa joto doenjang inakorogwa mbichi kwenye maji baridi pamoja na tango au mwani, ikawa supu hapohapo shambani. Pilipili nyekundu haikustawi vizuri kwenye unyevu ule, na hata kuikausha kulikuwa tabu, kwa hiyo chakula cha asili cha Jeju si chekundu. Majira ya baridi nayo si makali, majani yanaota mwaka mzima, na watu hawakulazimika kujaza mitungi ya kimchi kama wenzao wa bara.

Hiki ndicho kipimo ninachokupa cha kutenganisha cha asili na cha mtalii. Ukiletewa sahani nyekundu inayowaka, iliyopangwa ili ipigwe picha, hiyo imetoka bara au imezaliwa juzi. Ukiletewa bakuli la supu nyepesi, rangi ya maji au ya udongo, samaki mzima ndani yake na majani mawili matatu, hapo umefika.

Jinsi ya kula nayo haitakushangaza. Nyumba ya zamani ya Jeju iliweka wali wa shayiri katika chombo kimoja kipana, nangpun, katikati ya familia, kila mtu akachota kwa kijiko chake. Supu tu ndiyo kila mmoja alipewa yake. Mtu wa Tanga hana haja ya kuelezwa habari za sinia.

Sasa tuje kwenye vyakula. Kwa kuwa unakwenda mwishoni mwa Mei, cha kwanza nakutajia jari-mulhoe, supu baridi ya samaki mbichi, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu hiki ndicho chakula cha Jeju ambacho hutakikuta Busan kikiwa na sura yake halisi. Jari ni kisamaki cha rangi ya kahawia iliyokolea, hakizidi kiganja cha mtu mzima, na kinanona wakati shayiri inakaribia kuvunwa. Wavuvi wa zamani walitoka na tewu, chelezo cha magogo yaliyofungwa pamoja, wakashusha wavu wa duara chini ya maji na kuunyanyua kundi linapopita juu yake. Mpishi anaparua magamba, anakata kichwa na mapezi, anatoa matumbo, kisha anamlaza samaki na kumkata mshazari vipande vyembamba, mfupa ukiwa humohumo. Vipande vinamwagiwa siki na kuachwa kidogo. Mfupa unalainika na nyama inageuka nyeupe. Ndipo inakuja doenjang, kitunguu, tango lililokatwa nyuzinyuzi, na majani machanga ya jepi, mti wenye harufu kali unaoacha ulimi na ganzi kidogo. Mwisho ni maji baridi. Unakula kwa kijiko, wali wa shayiri pembeni. Meno yatakutana na mfupa. Tafuna, ndiyo starehe yake.

Bara wana mulhoe pia, lakini yao ni nyekundu kwa gochujang, rojo ya pilipili iliyochachushwa, tamu na kali. Hata Jeju kwenyewe mikahawa mingi sasa inatia gochujang kwa sababu wageni wameizoea. Uliza kama wanayo ya doenjang. Kijiji cha Bomok, upande wa Seogwipo, ndicho kinachosifiwa kwa jari wa mulhoe, mifupa yake laini. Wale wa Moseulpo, kusini-magharibi, ni wakubwa na mifupa yao ni migumu; hao huchomwa kwa chumvi. Kama samaki mbichi humpendi, agiza wa kuchomwa wala usione haya.

Chakula cha pili ambacho nisingependa ukikose ni galchi-guk. Galchi ni yule samaki mrefu bapa, ngozi yake fedha tupu. Bara wanampika kwa mchuzi mwekundu wenye figili. Jeju wanamkata vipande vinene na kumtia kwenye maji yanayochemka pamoja na boga lililoiva, majani ya kabichi changa, pilipili mbichi ya kijani na chumvi. Hakuna kingine. Mara ya kwanza kulisikia jambo hili mtu anakunja uso, samaki na boga kwenye maji matupu! Lakini samaki akiwa wa usiku uleule supu inakuwa tamu, safi, na vijidoa vya mafuta vinaelea juu. Akiwa wa juzi, ananuka, na hakuna kiungo cha kumfichia. Ndiyo sababu chakula hiki hakikutoka kisiwani. Utamu wake hasa ni kuanzia mwisho wa kiangazi hadi vuli, ila hata Mei utakipata.

Wa jamii hiyo wapo wengine wawili ambao watalii huwapita, nami nawapenda zaidi kuliko vinono vyote vya barabara kuu. Gagjaegi-guk ni supu ya samaki wa ukoo wa kolekole, mzima mzima, pamoja na kabichi na doenjang kidogo. Mel-guk ni supu ya dagaa wakubwa wabichi na kabichi. Zote mbili ni chakula cha asubuhi cha watu wa bandarini, bei yake haiumizi mwanafunzi, na zinakuja na majani mabichi ya kufungia wali. Kwenye majani hayo unaweka mel-jeot, dagaa waliochachushwa kwa chumvi, tone tu, kwa sababu ni kali mno.

Okdom ni samaki wa waridi, mwenye nyama laini. Anapasuliwa mgongoni, anatiwa chumvi, anaanikwa kwenye upepo hadi akauke nusu, kisha anachomwa. Huwekwa kwenye meza ya tambiko la wahenga, na supu yake ya mwani hupewa mwanamke aliyejifungua. Pia kuna ureok-kong-jorim, samaki wa miambani aliyepikwa taratibu na soya kavu iliyokaangwa na mchuzi wa soya hadi maharage yanyonye ladha yote. Watu wengi mezani hugombea maharage na kumwacha samaki.

Kutoka kwa haenyeo utapata supu ya seongge. Seongge ni kile kiumbe chenye miiba ambacho ukikikanyaga mwambani utalia. Ndani yake mna mayai ya rangi ya chungwa, na Mei mwishoni hadi Juni ndio wakati wa kuyachuma. Yanatiwa kwenye supu ya mwani dakika za mwisho, na supu inageuka njano. Ilikuwa supu ya mgeni wa heshima, maana kilo moja ya mayai ni kazi ya kupasua siku nzima. Konokono wadogo wa miambani, bomal, wanapikwa uji au supu ya tambi, maji yake ya kijani kwa sababu ya matumbo yao. Kuna na uji wa kaa wadogo, gengi-juk, wanaopondwa wazima na kuchujwa. Kuhusu kaa, fuata ulichofundishwa chuoni, mwanangu.

Uji wa abaloni, jeonbok-juk, unautaka kila mgeni, kwa hiyo nikuambie ukweli wake. Abaloni ni konokono wa baharini mwenye gamba moja bapa linalong'aa ndani. Uji mzuri unaanza kwa kukaanga mchele kwa mafuta ya ufuta pamoja na matumbo ya abaloni yaliyopondwa, na kwa hiyo unatoka na rangi ya kijani kibichi. Ukiletewa mweupe kabisa, matumbo hayakuingia, na ladha pia haikuingia. Abaloni wengi wanaouzwa Korea leo wamefugwa Wando, upande wa bara, na hata mikahawani Jeju wamo. Hilo si kosa, ila usilipie bei ya abaloni wa mbizi. Zamani mvuvi mwenyewe hakuwa akimla. Abaloni alikuwa kodi, pamoja na farasi na machenza, vyote vikisafirishwa kwenda ikulu ya Joseon, ufalme wa zamani wa Korea. Wanaume waliopewa kazi ya kumzamia walikimbia kisiwa kwa uzito wa kodi hiyo, na mzigo ukaangukia wanawake. Mwaka 1629 serikali ikapiga marufuku wenyeji kuondoka, marufuku iliyodumu karibu miaka 200. Nadhani ni haki kulijua hilo kabla ya kushika kijiko.

Ile nafaka nyeusi ni memil. Punje yake ina pembe tatu, inaota kwenye ardhi duni na inaiva upesi. Watu wa bara huihusisha na mkoa wao wa Gangwon, lakini kwa mavuno Jeju ndiyo inayoongoza Korea. Simulizi za waganga wa kisiwa zinasema mungu wa kilimo, Jacheongbi, alishuka na mbegu kutoka mbinguni, akagundua ameisahau memil, akarudi kuichukua. Ndiyo maana inapandwa mwisho na bado inawahi mavuno. Unga wake unapikwa vidonge vya kuchopoa kwenye supu ya mwani, memil-jobaegi, chakula kingine cha mzazi, kwani wanaamini kinasafisha damu. Supu nyingi nzito za Jeju zimekolezwa kwa unga huu.

Chakula chake maarufu ni bingtteok. Rojo nyepesi ya memil inamiminwa kwenye chuma cha moto, inapikwa kama chapati ya maji, katikati kunawekwa figili nyeupe iliyokatwa nyuzi, iliyochemshwa na kuchanganywa na mafuta ya ufuta na chumvi, kisha inakunjwa na ncha zake mbili zinabanwa kwa vidole. Haina ukali wowote. Watu wengine husema haina ladha. Ile pamoja na okdom wa chumvi aliyechomwa, utaelewa kwa nini wameiacha hivyo. Na hapa ndipo onyo langu la kwanza: kwa desturi kile chuma kinapakwa mafuta ya nguruwe. Siku hizi wengi hutumia mafuta ya mimea, lakini uliza kwanza.

Nguruwe mwenyewe huwezi kumkwepa katika maelezo, hata kama humli, kwa sababu sherehe za Jeju zilijengwa juu yake. Harusi ya zamani ilichukua siku kadhaa. Nyama iliwekwa chini ya mtu mmoja, dogam, aliyeichemsha na kuikata. Kila mgeni, awe mkubwa au mdogo, alipewa sahani yake: vipande vitatu vyembamba vya nyama, kipande cha soseji ya damu, kipande cha tofu. Dogam alipaswa kuhakikisha nguruwe wachache wanawatosha watu mamia bila yeyote kupunjwa, na hata mwenye shughuli hakumwingilia. Nyama ya kuchoma mezani ambayo wenzako wataikimbilia ni mambo ya juzi. Ya asili ni ya kuchemsha, inayokatwa juu ya ubao na kuletwa juu ya ubao huohuo, dombe-gogi. Nguruwe mweusi wa asili aliwekwa kwenye orodha ya urithi wa asili wa taifa mwaka 2015, na kundi linalolindwa liko kwenye taasisi ya mifugo. Wale wa mikahawani ni chotara.

Maji yaliyochemshia nyama, matumbo na soseji hayakumwagwa. Yalitiwa mwani uitwao mom, yakakolezwa kwa memil, yakawa momguk, na kijiji kizima kikanywa. Kwa anayekula nguruwe, hiyo ndiyo supu ya Jeju kuliko zote. Kwako wewe jina lake linadanganya, maana menyu inaweza kuitaja kama supu ya mwani tu. Ya pili ni gogi-guksu, tambi nyeupe katika supu ya mifupa ya nguruwe. Hii ni changa kidogo, kwa sababu tambi kavu za ngano zilienea kisiwani na viwanda vya wakati wa ukoloni wa Japani. Ya tatu ni gosari-yukgaejang. Bara yukgaejang ni ya ng'ombe, kwa hiyo Mwislamu anayeijua anaweza kuteleza. Ya Jeju ni machipukizi ya kangaga yanayochumwa Aprili, yakapikwa na nguruwe hadi vyote viwe nyuzi zisizotofautishika. Hata ukiangalia bakuli hutaona nyama.

Kwa hiyo unapoagiza supu au tambi yoyote, usiulize kama ina nyama ya nguruwe. Watakuambia haina, na kwa nia njema, kwa sababu vipande havimo. Uliza supu imetokana na nini: "Yuksu-neun mwo-ro naeyo?" Na kwenye samaki wa kuchemsha kwa mchuzi uliza kama wametia matsul, ile pombe ya kupikia. Supu za samaki nilizokutajia kwa kawaida hazina mojawapo, ila kila jiko lina mkono wake.

Pombe nyingine ni za wazi. Omegi-sul ni ya jo, gosori-sul ni yake iliyokenekwa. Swindari inaonekana kama mtindi na bibi atakuambia ni kinywaji cha watoto, lakini ni wali wa shayiri uliochachushwa kwa hamira ya pombe, kwa hiyo iache. Keki ya omegi-tteok haina tatizo. Ya asili ilikuwa pete ya unga wa jo, na hizi za sokoni, mviringo zilizopakwa maharage mekundu, zina mchele na majani ya pakanga. Ni tamu, nunua. Nyama ya farasi nayo ni ya kale: Wamongolia walianzisha malisho yao kisiwani mwaka 1276. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunairuhusu, ila uchinjaji wake kule si wetu, na hivyohivyo kwa tambi za memil zenye nyama ya kanga-pori wao, kkwong.

Ukichoka na kuuliza, kumbuka Wayemeni wapatao 500 walifika Jeju mwaka 2018 wakikimbia vita, na tangu hapo chakula cha Kiyemeni kimepata mlango katika jiji la Jeju. Mandi, wali wao wa nyama, pale haitakuwa chakula cha Jeju, lakini kwa mtoto wa Tanga itakuwa kama nyumbani.

Vya watalii nitavipitia haraka: galchi mzima aliyelazwa kwenye sahani ndefu kuliko meza, tambi za pakiti zilizorundikiwa kaa na kome, chokoleti ya machenza. Si vibaya, ila bei ni ya mandhari. Hallabong, lile chenza lenye kinundu, asili ya mbegu yake ni Japani, ingawa jina ni la mlima Halla. Kwa Mei msimu wake mzuri umeshapita.

Ratiba yako basi iwe hivi. Asubuhi ya kwanza kula gagjaegi-guk au mel-guk jijini. Siku ya kwenda Seogwipo pitia Bomok mchana kwa jari. Upande wa mashariki, kwenye vijiji vya haenyeo, omba supu ya seongge. Na kama siku zako zitaangukia tarehe inayoishia na 2 au 7, nenda gulio la siku tano la jiji la Jeju mapema. Wanawake wazee hukaa pale na mboga za bustani zao, na bingtteok hupikwa mbele yako, kwa hiyo chupa ya mafuta utaiona kwa macho kabla hujaagiza.